Edmond Albius: Mtumwa aliyefumbua siri ya vanila

MANUKATO mazito ya jioni, yale ya kuendea dhifa, yenye utamu uliochanganyika na ukali wa viungo, kwa kawaida hujengwa juu ya nguzo mbili: vanila na kile watengenezaji wanachokiita amba. Amba hiyo, ieleweke, siyo ambari ya nyangumi inayofahamika na watu wa Pwani, bali ni mchanganyiko wa tomvu zinazonukia pamoja na vanila yenyewe. Shalimar, manukato ambayo Jacques Guerlain wa Ufaransa aliyaleta sokoni mnamo 1925, ndiyo mfano mashuhuri zaidi wa aina hiyo.

Jina la Guerlain limeandikwa kwenye chupa. La Edmond Albius halimo.

Edmond alizaliwa mwaka wa 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Bourbon ambacho leo huitwa Réunion, mashariki mwa Madagaska. Mamaye, Mélise, alifariki alipokuwa akijifungua. Kwa kuwa alizaliwa mtumwa, hakuwa hata na jina la ukoo. Alilelewa katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont, mkulima aliyependa mno mimea, naye mtoto huyo akawa akiandamana naye bustanini kila siku. Hakufunzwa kusoma wala kuandika, ila alifunzwa jinsi ya kuchavusha maua ya mimea ya jamii ya maboga kwa mkono.

Wakati huo vanila ilikuwa kitendawili. Mmea huo wa asili ya Mexico ulikuwa umeletwa kisiwani miaka ipatayo ishirini awali, ukatambaa na kuchanua vizuri, lakini haukuzaa. Ua lake hufunguka kwa muda usiozidi siku moja, na ndani yake mna kijiwambo kinachotenganisha chavua na sehemu ya kike. Nyuki wa Mexico walioaminika kuifanya kazi hiyo hawakuwapo Bourbon. Mtaalamu Charles Morren alikuwa amefaulu kuyachavusha maua hayo nchini Ubelgiji mnamo 1836, ila mbinu yake haikuwafaa wakulima.

Mnamo 1841, Edmond akiwa na umri wa miaka 12, bwana wake aliona maganda mawili yakining'inia kwenye mmea uliokuwa tasa miaka yote. Kijana akasema ni kazi yake. Bellier-Beaumont hakusadiki hadi alipoonyeshwa: Edmond alilipasua ua, akakiinua kijiwambo kwa kijiti chembamba, kisha akaigandamiza chavua mahali pake kwa kidole gumba. Ni kazi ya sekunde chache tu. Punde si punde akawa akipelekwa mashamba mengine kuwafunza watumwa wenzake.

Utajiri ulifuata, ingawa si kwake. Kisiwa hicho kiliipiku Mexico katika uuzaji wa vanila, na mbinu ikavuka hadi Madagaska, ambayo leo huongoza ulimwenguni. Huko nako maua yangali yanachavushwa kwa mkono, moja baada ya jingine.

Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mnamo Desemba 1848, Edmond alipewa jina la Albius, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Dhihaka au heshima, msomaji na aamue. Alihamia mjini Saint-Denis akawa mtumishi wa jikoni, akashtakiwa kwa wizi wa vito na kufungwa kifungo cha kazi ngumu. Aliombewa msamaha, akaachiliwa kabla ya muda wake.

Bellier-Beaumont alilazimika kumtetea kwa kalamu, pale mwanabotania Jean Michel Claude Richard alipodai kwamba yeye ndiye aliyeleta mbinu hiyo kisiwani. Alishikilia kwamba mvumbuzi ni Edmond, na historia imekubaliana naye.

Mnamo 1874 wanakemia wa Ujerumani walifaulu kuitengeneza harufu ya vanila katika maabara. Albius alikuwa angali hai, akiishi kwa dhiki Sainte-Suzanne. Maombi ya kumtaka apewe posho na serikali ya koloni hayakujibiwa. Alifariki katika hospitali ya umma mnamo Agosti 9, 1880.