Vazi la haramia kwa bei ya Ndau: maisha ya Amir Ali Bey

Kijana mmoja wa hapa Ndau alinijia na simu mkononi akanionyesha picha. Wanataka kuigiza mchezo wa maharamia, naye kapewa kuwa nahodha. Picha ilikuwa ya yule haramia wa sinema: kofia nyeusi yenye fuvu, jicho moja limezibwa kitambaa, mkono mmoja ni kulabu, na kasuku begani. Alikuwa ameshapiga hesabu ya kuagiza vitu hivyo Mombasa, akaona nauli ya mzigo mpaka Lamu, na kutoka Lamu kuvuka mpaka huku kwetu, peke yake inamaliza pesa walizochanga. Alichotaka kwangu ni ushauri tu, waache nini na wanunue nini.

Nikamwambia waache vyote. Kulabu na fuvu ni mambo ya bahari nyingine. Bahari yetu ina haramia wake, jina lake limeandikwa, safari zake zina miaka yake, na alipita kwenye maji haya haya akishuka kutoka Mogadishu kwenda Faza, Pate na Lamu. Nguo zake zinapatikana ndani ya sanduku la babu yeyote wa kisiwani. Tena neno haramia huku kwetu si la kuchezea ovyo. Tangu watalii walipotekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011, wavuvi wetu walizuiwa kuingia baharini usiku kwa miaka, na wengi wetu tunajua nyumba iliyolala na njaa kwa sababu hiyo. Mtu akisema haramia, nataka ajue anamsema nani, na nani alilipa.

Huyo haramia wetu ni Amir Ali Bey. Vitabu vingi humwita Mir Ali Bey, na hiyo Mir ni Amiri iliyokatwa. Alikuwa nahodha wa dola la Waturuki wa Uthmaniya, enzi ya Sultani Murad wa Tatu, na kituo chake kilikuwa Yemen. Wareno walimwandika haramia. Kwa wakubwa wake alikuwa afisa wa baharini, na kwa watu wengi wa mwambao wa wakati ule alikuwa Mwislamu mwenzao aliyekuja na mizinga. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Kumbuka kwamba Wareno wenyewe waliwauzia watu vibali vya kupita kwenye bahari ya mababu zao, na chombo kisichokuwa na kibali kilikuwa halali yao kukamata. Vasco da Gama, ambaye nguzo yake bado inatembelewa Malindi, mwaka 1502 alichoma meli iliyojaa mahujaji. Mombasa ilichomwa mwaka 1505, ikachomwa tena mwaka 1528. Kwa hivyo tukigawa mavazi ya uharamia, tushone mengi.

Ali Bey alijulikana kwanza mwaka 1581, alipoivamia Maskati, iliyokuwa mikononi mwa Wareno, kwa merikebu chache tu za makasia. Aliingia, akapora, akaondoka na mzigo kabla wenyewe hawajajipanga. Hapo ndipo alipojifunza kazi yake, nadhani: uwe mwepesi, uje ghafla, na adui asipate nafasi ya kukuhesabu.

Mwishoni mwa mwaka 1585, kaskazi ilipoanza kuvuma, alitoka Mokha na merikebu mbili kuja kwetu. Moja ilikuwa mbovu, ikarudi njiani. Nahodha mwenye akili timamu naye angerudi. Ali Bey aliendelea na merikebu moja, na hapa ndipo maisha yake yanapofanana na shida ya kijana wangu, maana naye alitaka kuonekana mkubwa kwa mfuko mdogo. Alipofika Mogadishu alitangaza kwamba yeye ni mtangulizi tu. Nyuma yake, alisema, yuaja msafara mzima wa Sultani kuwafukuza Wareno mwambao wote. Hakukuwa na msafara wowote nyuma yake. Kulikuwa na kaskazi na bahari tupu.

Lakini watu walikuwa wamechoka na Wareno kwa miaka 80, na aliyechoka haulizi sana. Mogadishu wakamkubali, Barawa wakamkubali. Akaja visiwani kwetu, Faza na Pate wakamfungulia milango. Kila mji uliomkubali ulimzidishia sura ya nguvu kwa mji wa mbele, na kila alipokwenda alitoka na watu na vyombo zaidi ya alivyokuja navyo. Hebu fikiria mzee wa Faza amesimama ufukweni anaitazama ile merikebu moja. Si kwamba hakuweza kuhesabu. Alitaka sana kuamini zile nyingine.

Lamu ndiko alikopata windo kubwa. Roque de Brito Falcão, nahodha wa Wareno wa mwambao huu, alikuwa amekimbilia huko na chombo chake akitafuta hifadhi. Mfalme wa Lamu, ambaye maandishi ya Wareno yanamtaja kwa jina linalosomeka kama Bwana Bashira, akamtoa kwa Waturuki. Mreno huyo alipelekwa Istanbul akafia huko mateka. Mombasa nayo ikamkaribisha Ali Bey, ikatoa mali na kuomba ulinzi wa Sultani. Malindi peke yake, rafiki wa Wareno tangu siku za da Gama, ndiyo iliyokataa. Kusi ilipokaribia mwaka 1586, Ali Bey alirejea Mokha na vyombo alivyoteka, makumi ya mateka wa Kireno na mali nyingi, akiwa ameahidi kurudi.

Alifanya hayo yote kwa merikebu moja. Mimi sijui nahodha mwingine katika historia ya mwambao huu aliyepata kingi hivyo kwa mtaji mdogo hivyo. Lakini mtaji mwingine haukuwa wake, nao ulikuja kudaiwa baada ya yeye kwenda zake.

Mwezi wa Januari 1587, kaskazi ileile iliyomleta yeye ilileta kisasi kutoka Goa, makao ya Wareno huko India: meli 18 na askari 650 chini ya Martim Afonso de Melo. Walianzia Faza. Watu wa Faza walipigana, mfalme wao akauawa vitani, kichwa chake kikatiwa chumvi kikapelekwa Goa kutembezwa mbele za watu. Mji ukachomwa. Kumbukumbu za Kireno zenyewe zinasimulia kwamba kwa hasira yao hawakubakisha kitu chenye roho, si wanawake, si watoto, hata nyani na kasuku wa watu waliuawa. Kisha wakaingia mashambani wakakata minazi, kiasi cha 10,000.

Mtu wa bara akisoma habari hiyo atasikitikia nyumba zilizochomwa. Mtu wa huku anajua zaidi. Nyumba ya mawe ukiichoma kuta zinabaki, na ya makuti unaiezeka upya kwa wiki. Mnazi unaupanda ungali kijana, unakula matunda yake ukiwa mzazi, na wajukuu wako ndio watakaofaidi hasa. Aliyekata minazi ya Faza aliwanyang'anya hata watu ambao walikuwa bado hawajazaliwa. Baada ya Faza meli ziliteremka mpaka Mombasa, zikakuta watu wamekimbia, zikauchoma mji. Wakati huo Ali Bey alikuwa Yemen.

Lazima nimtendee haki: alirudi. Mwangwi wa safari ya kwanza ulimpatia kile alichokuwa amekisema cha uongo, angalau kipande chake. Mapema mwaka 1589 alishuka na merikebu 5 na watu wapatao 300. Miji ikamfungulia tena, hata baada ya yale yaliyoipata, jambo ambalo hunishangaza kila nikilifikiri. Alipofika Malindi usiku alijaribu kuipiga mizinga, lakini nahodha wa Kireno aliyekuwa huko, Mateus Mendes de Vasconcelos, alikuwa macho akamjibu, naye akapita zake. Mombasa alishusha mizinga, akajenga boma mlangoni mwa bandari, akangoja.

Hakujua mambo mawili. La kwanza ni kwamba wapelelezi wa Mateus Mendes walikuwa wamekwisha kupeleka habari zake Goa, na meli 20 zenye askari 900 zilikuwa njiani chini ya Tomé de Sousa Coutinho, ndugu yake gavana. La pili lilitoka nchi kavu. Wazimba, kundi la wapiganaji lililopanda kutoka upande wa Zambezi likiangamiza miji njiani, Kilwa ikiwamo, walikuwa wamefika ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa wakitafuta njia ya kuvuka Makupa. Ali Bey akalazimika kutenga merikebu mbili zikae kivukoni Makupa kuwazuia. Nguvu yake ndogo ikawa imekatwa vipande viwili, kimoja kinaitazama bahari, kingine kinaitazama bara.

Wareno walifika mwanzoni mwa Machi 1589. Boma likanyamazishwa, merikebu zikatekwa zote, pamoja na zile za kivukoni. Kisha Wazimba wakaomba ruhusa kwa Wareno wavuke, wakapewa. Yaliyotokea kisiwani siku hiyo sitayaeleza kwa urefu. Watu walikimbilia majini, wengine wakazama, wengine wakawasihi adui zao Wareno wawapakie. Mmoja wa waliokimbilia mashua za Wareno alikuwa Ali Bey mwenyewe. Mtu aliyewatisha kwa miaka 8 aliingia mikononi mwao kwa miguu yake, kwa kuwa kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kibaya zaidi. Safari hii kweli kulikuwa na jeshi nyuma yake, ila halikuwa lake.

Alipelekwa Goa, na kutoka Goa akapelekwa Lisbon. Inasimuliwa kwamba huko alibatizwa. Kama aliongoka kwa moyo au alibadili nguo mara ya mwisho ili aishi, hilo ni lake na Mola wake. Kaburi lake hatulizuru, na wala hatukuachiwa wimbo wake.

Huku kwetu mambo hayakuishia Mombasa. Tomé de Sousa alipandisha mpaka Lamu akamkamata Bwana Bashira, akampeleka Pate, akakatwa kichwa hadharani mbele ya watu wa visiwa kwa kosa la kumtoa Roque de Brito. Manda, mji uliokataa kujisalimisha, ulivunjwa na minazi yake ikakatwa. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus ili Mturuki mwingine asije akakaa tena Mombasa kama mwenye nyumba, na wakatawala mwambao kutoka humo kwa karibu miaka 100. Watalii wanaolipa kiingilio pale hawaambiwi kwamba ngome ile, kwa sehemu, ilijengwa kwa sababu ya nahodha aliyepita Ndau na merikebu moja.

Sasa turudi kwenye vazi. Kijana amekubali, na orodha yetu imekuwa fupi. Kilemba ni kitambaa cheupe chochote kirefu, kizungushwe kwa unene, si kile chembamba cha kuvulia samaki. Kizibao cha babu kipo, kimetoboka kidogo kwapani, na hilo halidhuru kwa mtu aliyevuka kutoka Mokha. Suruali pana ni ya baba yake, ifungwe kwa kamba chini ya goti. Kiunoni kikoi kilichokunjwa kiwe mshipi. Ndevu tumekwisha kuzijaribu: usumba wa nazi unawasha, masizi ya chungu ni afadhali. Upanga usinunuliwe. Karara la mnazi lililokauka lina mpindo uleule wa kitara, likikwanguliwa na kupakwa jivu huoni tofauti kwa mbali. Kwa merikebu, mashua moja ya mjomba wake inatosha, na aliposikitika kwamba ni moja nilimwambia hapo ndipo wanapopatia kabisa.

Wareno ndio watakaokula pesa kidogo, kwa sababu ni wengi. Nimeshauri magunia ya unga yafunguliwe, yashonwe matanga na kuchorwa msalaba mwekundu, na watoto wadogo wakimbie nayo ufukweni. Vijana wote wanataka kuwa Ali Bey, na waliokosa wanataka kuwa Wazimba. Mfalme wa Faza hajapata mtu, kwa kuwa anakufa mapema. Nimewaambia huyo ndiye avae vizuri kuliko wote, kanzu safi na joho la kuazima, hata kama pesa zitakwisha kwake.

Minazi ya kukatwa haitatugharimu kitu. Makuti makavu yamejaa nyuma ya kila nyumba.