Khabari za Sultani Machemba wa Luagala na Fungu la Kila Mja

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewagawia waja wake riziki na vipaji kwa namna mbalimbali, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baadu. Katika watu wa kusini ambao majina yao hayakupotea ni Machemba, sultani wa Kiyao aliyekaa Luagala, juu ya nchi ya Makonde. Watu wa Lindi walimjua kwa biashara, na Wajerumani wakamjua kwa vita. Lakini linalofaa zaidi kukumbukwa katika maisha yake ni barua moja aliyoipeleka mwaka 1890, kwani ndani yake mna mafunzo juu ya fungu ambalo Mungu humpa kila mja.

Kwanza ijulikane nchi yenyewe. Nchi ya Makonde imeinuka kama meza baina ya mto Lukuledi na mto Ruvuma. Juu yake ni mchanga. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi, wala hapana mto. Katika zama hizo wanawake wa Newala walikuwa wakiteremka magenge mpaka mabondeni kuteka maji, kisha wakapanda tena na mitungi vichwani. Mpwani aliyeyaona hayo alisema kuwa hii ni nchi iliyonyimwa. Walakini wenyewe walikaa huko kwa kutaka. Vichaka vyake vilikuwa vizito mno, mtu hapiti ila kwa njia anayoijua, na adui akiingia hupotea. Masasi, iliyo upande wa magharibi, imo katika nchi ya chini yenye vilima vya mawe makubwa, na maji yake hayakuwa mbali. Lakini ilikuwa wazi. Mwaka 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi, wakateka watu wa misheni ya Kiingereza, na misheni ikahamia Newala kwa Sultani Matola. Basi wenye maji hawakuwa na ngome, na wenye ngome hawakuwa na maji.

Katika vichaka hivyo ndimo Machemba alimojenga enzi yake, baada ya Wayao kuuvuka Ruvuma kutoka kusini. Mungu alimpa ushujaa, akili ya biashara, na ulimi usiotetemeka. Misafara iliteremka Lindi na mpira, nta na pembe, ikarudi na nguo, bunduki na baruti. Matola, jirani yake, naye ni Myao, alipewa kipaji kingine: upole na ukarimu wa kupokea wageni. Wako watu hupenda kumsifu mmoja wao kwa kumdunisha mwingine, na hayo si uadilifu. Aliyekimbia vita vya Magwangwara alihitaji mlango wa Matola, wala ushujaa wa Machemba usingemfaa kitu siku ile. Matola alifariki mwaka 1895.

Mwezi wa Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri huko Pangani, na mwezi wa Mei 1890 wakaitwaa Kilwa, Lindi na Mikindani. Mkubwa wao, Hermann von Wissmann, alimwita Machemba ateremke pwani kuja kutii. Machemba akajibu kwa Kiswahili. Maana ya jawabu lake ni kwamba hakuona sababu ya kumtii mtu ambaye hakupata kumpa kitu chochote, hata kilicho duni kabisa. Urafiki aliukubali, na vita kama vikiletwa atavipokea. Lakini kujishusha chini ya mtu hakukubali, maana wote wawili wameumbwa na Mungu mmoja, na kila mmoja ana enzi yake katika nchi yake.

Hapo ndipo wengi huishia wanapoisimulia barua hii, nao huacha sehemu iliyo bora. Machemba alieleza pia kwamba yeye hakudai Mjerumani amtii, kwa kuwa alimjua kuwa ni mtu huru kama yeye. Kukataa kunyang'anywa chako ni jambo ambalo hata mnyama hulifanya. Kukiri kwamba mwenzio naye ana fungu lake, na ya kuwa wewe huna haja nalo, hasa mwenzio huyo akiwa ni adui aliyekuja na mizinga, hilo si jepesi. Katika Sura ya Nisaa imekatazwa tamaa ya kuyaonea uchu waliyofadhiliwa wengine, na wanaoisoma ni wengi kuliko wanaoifuata.

Lakini haki isemwe yote. Katika misafara ya Machemba walikuwamo watumwa pia. Wale waliofungwa kamba wakateremshwa Lindi walikuwa nao wameumbwa na Mungu yule yule, na uhuru wao ulikuwa fungu lao. Sultani aliliona fungu la Mjerumani, asilione la mtu aliyepita mbele ya mlango wake. Na mnunuzi alikuwa nani? Mpwani. Kwa hiyo mtu wa pwani asiharakie kumlaumu Machemba peke yake.

Wajerumani walipeleka askari mwaka ule ule wa 1890, wasimweze. Vile vichaka ambavyo mpwani alivihesabu kuwa ni dhiki viliwazuia askari waliozoea kupigana mahali peupe. Mwaka 1891 pakafanywa amani, na kwa miaka kadhaa Machemba akakaa Luagala katika enzi yake.

Kisha ikaja kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Wengine waliilipa kwa uchungu; Machemba akaikataa. Mwaka 1899 Wajerumani walikwenda Luagala kwa nguvu kubwa kuliko ile ya kwanza, na safari hii vichaka havikutosha. Machemba hakukamatwa. Aliuvuka Ruvuma pamoja na wafuasi wake, akaingia Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, katika nchi zile ambazo Wayao walizitoka zamani, na Luagala ikabaki bila ya sultani wake.