Maisha ya Bernardo Paret, Bingwa wa Ngumi

Wasomaji wetu, mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu aliyekuwa na nguvu nyingi na maisha mafupi. Jina lake Bernardo Paret, na watu wengi walimwita Benny. Habari zake twazieleza si kwa kuusifu mchezo wa ngumi wala kwa kuutukana, bali kwa kuwa maisha yake yaonyesha jinsi mtu awezavyo kuangamia mbele ya macho ya maelfu ya watu, na kila mmoja wao akidhani kwamba ni kazi ya mwingine kumwokoa.

Paret alizaliwa tarehe 14 Machi mwaka wa 1937 katika mji wa Santa Clara, kisiwani Kuba. Watu wa kwao walikuwa maskini, nao walipata riziki yao katika mashamba ya miwa. Yeye naye alishika panga tangu utoto, akakata miwa pamoja na wakubwa. Shule hakuipata, hata alipokuwa mtu mzima, mwenye jina kubwa, hakujua kusoma wala kuandika. Katika kisiwa kile mchezo wa ngumi ulipendwa sana, nao ulikuwa mlango mmojawapo wa kijana maskini kutoka katika ufukara wake. Basi Paret akaliacha panga, akavaa glavu. Baadaye akavuka bahari, akaenda Marekani kutafuta fedha na sifa.

Kwa ajili ya wasioujua mchezo huu, yafaa tueleze kidogo. Wapiganaji wawili huingia katika ulingo uliozungushiwa kamba. Pambano hugawanywa katika vipindi vya dakika 3, viitwavyo raundi, na baada ya kila raundi hupumzika dakika 1. Siku zile pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa la raundi 15. Ndani ya ulingo yumo mwamuzi, mwenye amri ya kulikomesha pambano mara aonapo kwamba mmoja hawezi tena kujilinda. Tena kila mpiganaji ana watu wake pembeni, msimamizi na mwalimu, ambao kazi yao ni kumwangalia.

Paret hakujulikana kwa pigo zito. Sifa yake ilikuwa uvumilivu. Alipigwa, akasimama, akapigwa tena, akazidi kusonga mbele. Mara nyingi watu walimwona amelegea kana kwamba amekwisha, kisha akazinduka akapigana kwa nguvu mpya. Watazamaji waliupenda uvumilivu huo, wakamshangilia. Lakini sifa hiyo ndiyo iliyomponza, maana watu walizoea kumwona akipigwa, wasione ajabu tena.

Tarehe 27 Mei mwaka wa 1960, katika mji wa Las Vegas, alimshinda Don Jordan akatwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa welter, yaani wa wapiganaji wasiozidi ratli 147. Mkata miwa wa Santa Clara akawa bingwa wa ulimwengu akiwa na umri wa miaka 23.

Lakini hakukaa na ubingwa huo kwa raha. Alitokea kijana mwingine wa visiwani, Emile Griffith, mzaliwa wa Saint Thomas katika Visiwa vya Virgin, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kofia huko New York. Mwenye kiwanda aliuona mwili wake jinsi ulivyojengeka, akamwingiza katika mchezo wa ngumi. Tarehe 1 Aprili mwaka wa 1961, huko Miami Beach, Griffith alimwangusha Paret katika raundi ya 13 akamnyang'anya ubingwa. Tarehe 30 Septemba mwaka ule ule wakakutana tena, mjini New York, wakapigana raundi zote 15. Waamuzi hawakupatana wote, ila wengi wao walimpa Paret ushindi, naye akaurudisha ubingwa wake.

Mtu aliyepigana mapambano kama hayo alistahili kupumzika. Wahenga walisema, ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Paret hakurejeshwa zizini. Tarehe 9 Desemba mwaka ule ule alipelekwa kupigana na Gene Fullmer, bingwa wa uzani wa juu zaidi, mtu mzito na mwenye nguvu kumpita. Paret alivumilia kama desturi yake, akapigwa vibaya sana, hata katika raundi ya 10 akaanguka asiweze kuendelea. Fullmer mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakupata kumpiga mtu mwingine kiasi kile. Baada ya majuma 15 tu, Paret akarudishwa tena ulingoni, apambane na Griffith mara ya tatu. Msimamizi wake, Manuel Alfaro, alilaumiwa sana kwa jambo hilo, lakini wakati ule pambano liliruhusiwa, tiketi zikauzwa, wala hakutokea mtu wa kulizuia.

Tarehe 24 Machi mwaka wa 1962 ndiyo siku yenyewe. Paret alikuwa ametimiza miaka 25 siku 10 zilizopita. Asubuhi walipokutana kupimwa uzito, alimtupia Griffith neno baya la Kihispania la kuudhihaki uanaume wake. Ulimi hauna mfupa, na neno likisha kutoka halirudi. Griffith alighadhibika, akataka kupigana pale pale, watu wakamzuia. Mwalimu wake, Gil Clancy, alimtuliza, na kabla ya pambano akamwagiza kwamba akimpata Paret kwa karibu asiache kupiga mpaka mwamuzi awatenganishe.

Usiku wakaingia ulingoni katika ukumbi wa Madison Square Garden, mjini New York. Nao waliokaa majumbani mwao walilitazama pambano kwa televisheni, wengi mno kuliko waliokuwamo ukumbini. Katika raundi ya 6 Paret alimwangusha Griffith, na kengele ya mwisho wa raundi ndiyo iliyomponya. Lakini baada ya hapo Griffith akapata nguvu tena, na Paret akaanza kuchoka. Katika raundi ya 12 alisukumwa mpaka pembeni. Griffith akampiga ngumi moja juu ya moja, kwa upesi usiohesabika kwa jicho. Mikono ya Paret ikalegea, kichwa chake kikatokeza nje ya kamba. Hakuanguka, kwa sababu kamba zilimshikilia. Na kwa kuwa hakuanguka, aliendelea kupigwa. Mwamuzi Ruby Goldstein, mtu mzoefu wa kazi hiyo, alikuwa karibu nao sana. Alipomshika Griffith na kumvuta nyuma, Paret akateleza polepole mpaka chini, wala hakuamka tena.

Akachukuliwa hospitali, na waganga wakampasua kichwa usiku ule ule. Ubongo wa mtu umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Kichwa kipigwapo kwa nguvu, nao hutikisika, mishipa myembamba hukatika, na damu ikusanyikayo huugandamiza. Waganga walifanya yote waliyoyaweza. Paret alilala siku 10 bila kufumbua macho, akafa tarehe 3 Aprili mwaka wa 1962. Alimwacha mkewe Lucy akiwa mjamzito, na mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka miwili. Akazikwa huko New York.

Ndipo kila mtu akaanza kuuliza kosa ni la nani. Wengine walimlaumu mwamuzi kwa kuchelewa. Lakini wakuu wa mchezo wa jimbo lile walichunguza wakamwondolea lawama. Wengine walimlaumu msimamizi, wengine Griffith na ghadhabu yake, wengine mchezo wenyewe. Gavana wa New York aliagiza uchunguzi wa mchezo huo. Mwaka wa 1963 bingwa mwingine, Davey Moore, alikufa baada ya pambano mjini Los Angeles, na mwaka wa 1964 mapambano ya kila juma yakakoma kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani kwa miaka kadhaa.

Griffith hakupona jeraha lake la moyoni. Alikwenda hospitali asiruhusiwe kumwona Paret. Aliendelea kupigana mpaka mwaka wa 1977, lakini alisema kwamba tangu siku ile aliogopa kupiga kwa nguvu zake zote. Katika uzee wake mapigo ya miaka mingi yalimharibia akili, akasahau mambo mengi. Jambo la Paret hakulisahau. Katika sinema iliyotolewa mwaka wa 2005 alionekana akikutana na mwana wa Paret, yule aliyeachwa mtoto wa miaka miwili. Kijana huyo alimkumbatia, akamwambia kwamba hana kinyongo naye. Griffith alifariki tarehe 23 Julai mwaka wa 2013.

Tangu siku zile sheria zimetengenezwa. Mapambano ya ubingwa yamepunguzwa kutoka raundi 15 kuwa 12, na mahali pengi mpiganaji aliyeangushwa vibaya hakatazwi tu kwa maneno, bali hunyimwa ruhusa ya kupigana mpaka waganga wamkague. Hayo ni mema. Lakini tukumbuke kwamba Paret aliangamia katika raundi ya 12 yenyewe. Hesabu ya raundi peke yake isingalimwokoa. Aliyehitajiwa ni mtu mmoja wa kusema basi: baada ya Miami Beach, au baada ya Fullmer, au pale pembeni penye kamba. Watu hao walikuwapo, tena wengi. Kila mmoja alimtazama mwenziwe, na wote pamoja waliutegemea uvumilivu wa Paret.

Basi mtu mvumilivu asiachwe peke yake kwa sababu ya uvumilivu wake. Yeye hatasema kwamba amechoka. Imewapasa walio karibu naye kuliona hilo na kulisema kwa niaba yake, mapema, kabla kamba hazijawa ndizo zinazomshikilia.