Mwalimu Nyerere na Mageuzi ya Uchumi katika Bonde la Kilombero

Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922 Butiama, akasoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu na mwaka 1954 akaongoza kuanzishwa kwa TANU. Hayo yanajulikana na wengi. Lisilosimuliwa sana ni alama ambayo fikra zake za uchumi ziliacha katika Bonde la Kilombero.

Nchi aliyoipokea mwaka 1961 iliuza nje mkonge, pamba na kahawa, na kununua nje sehemu kubwa ya bidhaa za viwandani. Bei ya mkonge ilipoanguka katikati ya miaka ya 1960, ilidhihirika kuwa uchumi wa namna hiyo hukua kwa hisani ya masoko ya wengine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikusudia kuubadili muundo huo.

Benki ya Dunia ilipoona kuwa reli ya kwenda Zambia haina faida, Mwalimu aliigeukia China, na ujenzi ukaanza mwaka 1970 kwa mkopo usio na riba. TAZARA, inayopita Ifakara na Mlimba, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia, lakini wakulima wa bonde waliifanya yao. Kwa treni ya abiria waliyoiita Kipisi, magunia ya mchele na mikungu ya ndizi yalipanda hadi Makambako, na wafanyabiashara wa nyanda za juu wakateremka kuyafuata. Huko Kidatu, mitambo ya umeme wa maji ilianza kazi mwaka 1975 na baadaye ikafikia megawati 204.

Hata hivyo, mageuzi hayakukamilika. Usafiri ulifika kabla ya zana: wakulima wengi walibaki na jembe la mkono. Kupanda kwa bei ya mafuta, Vita vya Kagera na udhaifu wa mashirika ya umma vilifanya viwanda vingi nchini vizalishe chini ya uwezo wake. Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985. Mwaka uliofuata Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo masharti yake aliyapinga kwa miaka kadhaa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilibinafsishwa mwaka 1998, angali hai.

Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba, 1999. Mto Kilombero huungana na Luwegu kuwa Rufiji, ambao maji yake sasa yanaendesha mitambo ya megawati 2,115 katika bwawa linaloitwa kwa jina lake.