Cushing: Mpasuaji aliyeiacha njia inayotibu maradhi yenye jina lake

MKAZI wa Karatina anaponenepa ghafla usoni na tumboni, wengi sokoni humpongeza wakidhani mambo yamemnyookea. Ni wachache wanaowaza kwamba uso kuviringa kama mwezi, mikono na miguu kukonda, mistari ya zambarau kutokea tumboni na presha kupanda huenda zikawa dalili za uvimbe katika pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo yenye ukubwa wa punje ya njegere. Uvimbe huo huufanya mwili uzalishe homoni ya kotisoli kupita kiasi, na usipotibiwa huweza kuua.

Maradhi hayo yalipewa jina la Harvey Cushing, daktari Mmarekani aliyeyaeleza.

Cushing alizaliwa Aprili 8, 1869, mjini Cleveland, katika ukoo wa madaktari. Alisomea Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu udaktari Harvard mnamo 1895, kisha akajifunza upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Enzi hizo, wengi waliofunguliwa fuvu la kichwa hawakupona. Cushing alipasua polepole na kuzuia damu kwa uangalifu mkubwa. Mnamo 1901 alirejea kutoka Ulaya na kifaa cha kupimia presha alichokiona Italia, akakieneza nchini mwake. Mkanda anaofungwa mgonjwa mkononi huko Karatina leo ni wa ukoo huo huo.

Mnamo 1909, mwaka mmoja baada ya wamisionari wa Uskoti kufungua kituo cha Tumutumu karibu na Karatina, Cushing alimpasua mkulima ambaye uvimbe wa pituitari ulikuwa umemkuza mikono, miguu na taya. Hakufungua fuvu, bali alipitia puani, njia ambayo Hermann Schloffer wa Austria aliitumia mara ya kwanza mnamo 1907. Baadaye aliiboresha kwa kukata chini ya mdomo wa juu. Kati ya 1910 na 1925 aliwapasua hivyo wagonjwa 231, na waliofariki walikuwa chini ya sita katika kila mia.

Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa nyembamba na yenye giza, na uvimbe mkubwa uliobana neva za macho haukufikika wote. Cushing akarejea kwenye fuvu, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa kinara wa fani hiyo, wapasuaji wengi walimfuata. Alipoyaeleza maradhi yenye jina lake mnamo 1932, tayari alikuwa ameipa kisogo njia ambayo ingekuja kuyatibu. Alifariki Oktoba 7, 1939, mjini New Haven.

Njia hiyo haikuzikwa naye. Mwanafunzi wake kutoka Uskoti, Norman Dott, aliendelea kuitumia mjini Edinburgh, akamwonyesha Mfaransa Gérard Guiot mnamo 1956. Guiot naye akamfunza Jules Hardy wa Montreal, aliyeongeza hadubini katika miaka ya 1960. Siku hizi kamera nyembamba hupenyezwa puani na uvimbe ukatolewa bila kufungua fuvu, upasuaji unaofanywa hata Nairobi.

Lakini safari ya kufika huko huanza nyumbani, mgonjwa na jamaa zake wanapotambua kwamba unene ule si neema.