Elisha Otis, fundi aliyekataa kuiamini kamba

Kila siku mamilioni ya watu duniani huingia katika lifti, hubonyeza kitufe na kusubiri mlango ufunguke kwenye ghorofa nyingine, bila kuiwazia kamba ya chuma iliyowabeba. Katikati ya karne ya 19 hali haikuwa hivyo. Mashine za kupandishia mizigo zilikuwapo viwandani na kwenye majengo yaliyokuwa yakijengwa, lakini aliyesimama juu yake, au aliyepita chini yake, alijua kwamba anayahatarisha maisha yake. Aliyeibadilisha hali hiyo ni fundi wa Marekani, Elisha Graves Otis, mtu asiyekuwa na shahada wala mali, ambaye alifariki dunia kabla ya kuyaona matunda makubwa ya kazi yake.

Maisha ya kuanza upya

Otis alizaliwa tarehe 3 Agosti 1811 mjini Halifax, katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto sita. Alipokaribia umri wa miaka 20 aliondoka nyumbani na kwenda kutafuta maisha mjini Troy, katika jimbo la New York, ambako alifanya kazi za ujenzi na kuendesha magari ya farasi ya kubebea mizigo. Mwaka 1834 alimwoa Susan Houghton, wakajaliwa wana wawili, Charles na Norton.

Afya yake haikuwa nzuri, na ugonjwa wa mapafu ulikaribia kumwua. Alirudi Vermont na kujenga kinu cha kusaga nafaka kando ya mto, lakini hakikumpa kipato. Akakigeuza kuwa kiwanda cha kupasua mbao, nacho kikakosa wateja wa kutosha. Hatimaye akageukia kuunda magari ya farasi, kazi iliyomfanya azijue vyema springi za chuma zinazobeba uzito chini ya gari. Wakati huo mkewe alifariki dunia, akamwachia watoto wawili wadogo.

Mwaka 1845 Otis alihamia Albany na kuajiriwa katika kiwanda cha vitanda. Huko alibuni mashine iliyotengeneza mbao za pembeni za vitanda kwa kasi mara nne kuliko fundi wa mkono. Akiba aliyoipata aliitumia kufungua karakana yake mwenyewe, iliyoendeshwa kwa nguvu za maji ya kijito. Baadaye mji ulikichukua kijito hicho kwa ajili ya maji ya wakazi wake, na mitambo ya Otis ikasimama. Kwa mara nyingine alilazimika kufunga mizigo na kuhama.

Yonkers, mwaka 1852

Safari hiyo ilimfikisha New Jersey, kisha Yonkers, kaskazini mwa jiji la New York, ambako alipewa jukumu la kusimamia ukarabati wa kiwanda cha mbao ili kiwe kiwanda cha vitanda. Kulikuwa na mitambo mizito ya kupandisha ghorofa za juu, na chombo pekee cha kuifanya kazi hiyo kilikuwa winchi ya wakati ule: jukwaa la mbao lililopanda kati ya nguzo mbili, likivutwa kwa kamba moja.

Kila fundi alizijua tabia za kamba hizo. Zilifyonza unyevu na kuoza ndani huku nje zikionekana nzima. Zilisuguliwa na kapi mpaka nyuzi zake zikalika. Aliyezikagua asubuhi hakuweza kuahidi kwamba zitafika jioni. Kamba ilipokatika, jukwaa lilianguka pamoja na mzigo na yeyote aliyekuwa juu yake. Njia iliyozoeleka ilikuwa kununua kamba nene zaidi, lakini kamba nene nayo huchakaa.

Otis aliliangalia tatizo hilo kwa namna nyingine. Hakuuliza jinsi ya kuipata kamba isiyokatika. Alichukulia kwamba siku moja itakatika tu, kisha akauliza ni kitu gani kitalishika jukwaa siku hiyo.

Jibu lake lilikuwa rahisi kiasi kwamba fundi yeyote wa magari ya farasi angelielewa. Juu ya jukwaa alifunga springi ya bapa za chuma, na kamba ya winchi akaifunga katikati ya springi hiyo. Kwenye nguzo mbili za pembeni aliweka reli zenye meno mfano wa msumeno. Kamba ikiwa nzima, uzito wa jukwaa huivuta springi ikajikunja, na ncha zake zikabaki mbali na meno. Kamba ikikatika, springi hujinyoosha papo hapo, ncha zake zikasukumwa nje na kunasa kwenye meno ya pande zote mbili. Jukwaa husimama pale pale. Kwa maneno mengine, hitilafu yenyewe ndiyo iliyofunga breki, bila kumsubiri mtu aone hatari, apige kelele au avute mtaimbo.

Shoka mbele ya umati

Kazi hiyo haikumtajirisha. Otis mwenyewe hakuiona mwanzoni kuwa biashara, na alikuwa akifikiria kwenda California kutafuta dhahabu kama walivyofanya wengi wa zama zake. Kilichomzuia ni oda iliyotoka kwa mtengenezaji wa samani wa New York, ambaye kiwandani mwake kulikuwa kumetokea ajali ya winchi. Mwaka 1853 mtu huyo aliagiza mashine mbili, kila moja kwa dola 300. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wale ambao hawakuwa wameumwa hawakuona sababu ya kutoa pesa zao.

Ili kuwashawishi, Otis alikwenda mwaka 1854 katika maonyesho makubwa ya viwanda yaliyofanyika ndani ya jengo la vioo jijini New York. Alipanda juu ya jukwaa lake, akapandishwa juu mbele ya umati, kisha akaamuru kamba ikatwe kwa shoka. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanasa. Fundi huyo alilirudia tendo hilo mara nyingi, akiuweka rehani mwili wake mwenyewe ili kuwathibitishia watu kwamba chombo chake ni cha kuaminika.

Tarehe 23 Machi 1857 lifti yake ya kwanza ya abiria ilianza kazi katika duka la Haughwout, jengo la ghorofa tano lililoko barabara ya Broadway, ambako viliuzwa vyombo vya kaure na vioo. Jengo hilo lipo mpaka leo.

Urithi wake

Otis aliugua ugonjwa wa dondakoo na kufariki dunia mjini Yonkers tarehe 8 Aprili 1861, akiwa na umri wa miaka 49. Siku nne baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza nchini Marekani. Wanawe Charles na Norton waliirithi karakana ndogo na kuifanya kampuni kubwa, na mwaka 1889 lifti za Otis zilikuwa zikipandisha watu kwenye mnara wa Eiffel mjini Paris.

Hata sura ya miji ilibadilika. Zamani ghorofa za juu zilikuwa za bei nafuu kwa sababu ya uchovu wa ngazi. Baada ya lifti zikawa za bei ghali kwa sababu ya mandhari na utulivu wake. Afrika Mashariki nayo ilifikiwa na chombo hicho: jengo la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, linatajwa kuwa la kwanza katika kanda hii kuwekewa lifti. Huko Dubai, mnara wa Burj Khalifa, mrefu kuliko majengo yote duniani, hutumia lifti zenye jina lake.

Hata hivyo, swali la Otis halijaisha kazi. Kamba za nyuzi za mimea zimeziachia nafasi kamba za chuma, lakini nazo hukatika uzi mmoja mmoja, na kwenye maeneo mengi ya ujenzi winchi huendelea kupandisha zege juu ya vichwa vya vibarua kwa sababu tu jana haikuanguka. Kukagua kamba kila asubuhi ni wajibu wa msimamizi. Otis aliongeza wajibu wa pili: kabla mzigo haujanyanyuliwa, awepo mtu anayeweza kuonyesha kwa kidole kitu kitakachoushika iwapo kamba hiyo itakatika.