Mary Breckinridge: Muuguzi aliyewafuata wajawazito milimani kwa farasi

Huyu mama hakuzaliwa kwenye shida. Alizaliwa Memphis, Marekani, mwaka 1881, na babu yake aliwahi kuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo.

Shida zilimkuta ukubwani. Mume wake wa kwanza alifariki mwaka 1906, ndipo akaenda New York kusomea uuguzi. Akaolewa tena. Mwaka 1916 binti yake, Polly, alifariki saa chache tu baada ya kuzaliwa. Miaka miwili baadaye akamzika mwanawe Breckie, mtoto wa miaka minne. Ndoa nayo ikavunjika.

Breckinridge akaamua: uuguzi wake utakuwa wa mama na mtoto, basi.

Lakini Marekani ya wakati ule, muuguzi alikuwa muuguzi na mkunga alikuwa mkunga. Mwenye taaluma zote mbili alikuwa adimu kweli. Wa namna hiyo, wenye mafunzo ya Uingereza, alikutana nao Ufaransa alikokwenda kuhudumia watu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Akiwa ameshavuka miaka 40, akaenda London kukaa darasani upya.

Mwaka 1925 akaanza kazi Kaunti ya Leslie, milima ya Kentucky, kwa huduma iliyokuja kuitwa Frontier Nursing Service. Barabara za maana hakuna, daktari yuko mbali. Wauguzi wake walipanda farasi, wakavuka mito, iwe mvua iwe theluji, vifaa vya kuzalishia vikiwa kwenye mifuko ya tandiko.

Katika uzazi wa kwanza 10,000 waliousimamia, kina mama 11 tu ndio walifariki. Kwa Marekani ya miaka ile, hiyo ilikuwa idadi ndogo mno.

Malaika hakuwa. Aliunga mkono ubaguzi wa rangi, na wauguzi weusi hakuwaajiri.

Vita vilipozuka mwaka 1939, wakunga wake wengi Waingereza walirudi kwao. Akafungua shule hukohuko milimani. Alifariki mwaka 1965, na miaka mitano baadaye shule hiyo ikaanza kufundisha pia wauguzi wa familia, wanaompima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kumtibu wenyewe.

Siku hizi ni chuo kikuu. Muuguzi anayejiunga huchagua njia yake: ukunga, familia, afya ya wanawake au afya ya akili.